Shajara ya mradi: matangazo mubashara kwa hosteli tatu zenye intaneti finyu

8 Juni 2024: Hesabu kabla ya msimbo

Shajara hii ninaiandika ili atakayekutana na tatizo kama letu aweze kufuata hatua zetu, au angalau asirudie makosa yangu. Wanafunzi wengi wa chuo chetu, hapa Morogoro, wanaishi katika hosteli tatu za kupanga zilizo mbali na kampasi, na kila hosteli ina laini yake ya intaneti yenye kasi ya megabiti 15 kwa sekunde. Midahalo ya kila mwezi hurushwa mubashara, na mwezi Novemba kutakuwa na mahafali. Kila tangazo linapoanza picha huganda katika hosteli zote, na lawama hutufikia sisi wa kitengo cha kompyuta kabla mwenyekiti hajamaliza kusoma mada.

Kwa muda mrefu niliamini kwamba tatizo liko kwenye seva, na nilikuwa nimekwisha kuandika ombi la fedha za kukodi iliyo kubwa zaidi. Nililichana baada ya kukaa na kalamu kwa dakika kumi. Video yetu hutumia megabiti 1.2 kwa sekunde, kwa hiyo watazamaji 50 wa hosteli moja wanahitaji megabiti 60, ilhali mlango wa nyumba, yaani laini yake ya intaneti, unapitisha 15. Seva ingekuwa kubwa kiasi gani, mlango ni uleule. Dawa ni video iingie ndani ya nyumba mara chache iwezekanavyo, kisha watazamaji wagawiane wenyewe kwa wenyewe, yaani mtandao wa mwenza kwa mwenza.

Njia ya kutuma mara moja kwa wengi imekuwapo katika itifaki za intaneti tangu Steve Deering alipoiandikia waraka RFC 1112 mwaka 1989, lakini haivuki intaneti ya kawaida, na ndani ya Wi-Fi pakiti (vifurushi vidogo vya data) za aina hiyo hutumwa kwa kasi ya chini bila kuthibitishwa kupokelewa. Njia nyingine ni kuweka kompyuta moja katika kila hosteli ipokee video na kuigawa. Niliikataa kwa sababu haina mtu wa kuiangalia na umeme hauaminiki. Uamuzi huo uliniumbua baadaye, na nitaueleza palipo mahali pake.

Kanuni niliyoibandika ukutani ni hii: kasi ya video haiwezi kuzidi uwezo wa chanzo wa kupakia (kutuma data nje), wala haiwezi kuzidi jumla ya uwezo wa kupakia wa chanzo na wenza wote ikigawanywa kwa idadi ya watazamaji. Kinachoamua ni kupakia, si kupakua, na watu wengi huanza kubuni mtandao wa namna hii wakiangalia upande usiofaa.

22 Juni 2024: Mti uliokatika tawi

Muundo wa kwanza ulikuwa mti. Chanzo kinampa video mwenza mmoja, naye anawapa watatu, kila mmoja wa hao anawapa wengine watatu, na kwa ngazi nne tu unawafikia wenza 40. Msimbo wake ni mfupi na video hufika haraka, kwa kuwa hakuna anayeuliza chochote: anayepokea anasukuma mbele.

Tulijaribu kwa kompyuta 40 za maabara. Mambo yalikwenda vizuri hadi mwanafunzi mmoja aliyekuwa ngazi ya pili alipofunga kompyuta yake na kwenda kula. Chini yake kulikuwa na wenzake 12, na wote waligandishiwa picha kwa wakati mmoja. Nilipoandika msimbo wa kuwatafutia mzazi mwingine, ilichukua sekunde saba hadi tisa kabla picha haijarudi. Isitoshe, wenza 27 wa ngazi ya mwisho hawakumpa mtu yeyote kitu, maana yake zaidi ya theluthi mbili ya uwezo wa kupakia ililala bure.

Mradi wa SplitStream wa mwaka 2003 ulitibu ugonjwa huu wa pili kwa kuigawa video katika mikondo kadhaa, kila mkondo ukiwa na mti wake, ili aliye jani katika mti mmoja awe tawi katika mwingine. Wazo ni zuri, na nimeliiba baadaye kwa namna yangu, ila kutunza miti mingi wakati wanafunzi wanaingia na kutoka kama sokoni ni kazi ambayo sikuitaka. Niliuacha mti baada ya wiki mbili. Gharama: muda tu.

13 Julai 2024: Wavu

Muundo wa pili ni wavu, kwa mtindo uliojulikana kupitia CoolStreaming mwaka 2005. Video hukatwa vipande. Kila mwenza hushikamana na wenzake wachache, huwatangazia ramani ya bafa, yaani ya akiba yake ya muda, inayoonyesha vipande alivyonavyo, na kila mmoja huomba kinachompungukia kwa aliye nacho. Mmoja akiondoka, unaomba kwa mwingine, na hakuna mti wa kuanguka.

Vipande vyetu vina urefu wa sekunde mbili, ambazo kwa kasi yetu ni takriban kilobaiti 300 kila kimoja. Kisimbaji, yaani programu inayobana video, lazima kiamriwe kuweka fremu kuu (picha kamili isiyotegemea zilizotangulia) kila sekunde mbili kamili, la sivyo vipande vitatofautiana urefu, kwa sababu kipande hakiwezi kuanza mahali pasipo na fremu kuu. Kivinjari hupokea video kwa HLS, mtindo wa kurusha video kwa vipande kupitia wavuti, na vivinjari huongea kwa njia ya data ya WebRTC, teknolojia inayoviunganisha moja kwa moja. Kila kipande nakigawa katika ujumbe wa kilobaiti 16, kwa hiyo kinakuwa jumbe 19. Nilijaribu kukituma kizima na baadhi ya vivinjari vikafunga muunganisho bila kutoa sababu.

Usalama wa vipande ulichukua siku moja ya ziada kwa kosa la kipuuzi. Chanzo hutoa orodha ya alama za SHA-256, ambazo ni kama alama ya kidole ya kila kipande, na kila kipande kinachotoka kwa mwenza hulinganishwa nayo kabla ya kuchezwa, ili mtu asiwarushie wenzake picha za kwake. Msimbo ulifanya kazi kwenye kompyuta yangu na ukakataa kwenye nyingine zote, kwa sababu kivinjari hutoa nyenzo za kukokotoa alama hizo kwa kurasa salama za HTTPS, au kwa ukurasa ulio kwenye kompyuta ileile (localhost), pekee, nami kwenye maabara nilikuwa natumia anwani tupu.

Mpangilio wa maombi nao ulinihitaji kufikiri. BitTorrent, mfumo wa kugawana mafaili, hutanguliza kipande kilicho adimu kuliko vyote, nayo ni busara kwa faili ambalo halina haraka. Katika matangazo mubashara kipande adimu kisichohitajika hadi baada ya sekunde 15 hakina haki ya kukitangulia kile kinachohitajika baada ya sekunde mbili. Programu yetu sasa huangalia kwanza vipande vinavyokaribia kuchezwa, na kwa vilivyobaki ndipo hufuata uadimu.

3 Agosti 2024: Hosteli ya kwanza, na jinsi tulivyoharibu zaidi

Maabara hudanganya. Tulipeleka mfumo hosteli ya kwanza usiku wa mdahalo, watazamaji 31, na picha ikaganda kuliko ilivyokuwa ikiganda bila mfumo wetu. Nilikuwa nimesimama kwenye korido na kompyuta mkononi, nikitazama kipimo cha ruta kikigota kwenye 15 na kubaki palepale, huku kutoka vyumba vyote nikisikia hotuba ileile ikikatika kwa nyakati tofauti.

Kujua sababu kulichukua siku nne. Kwanza, vituo vya Wi-Fi vya hosteli vilikuwa vimewashwa utengano wa vifaa, mpangilio unaozuia kifaa kimoja cha Wi-Fi kuongea na kingine. Pili, vivinjari huficha anwani ya ndani ya kompyuta nyuma ya jina la muda linaloishia na .local, na jina hilo haliwezi kutafsiriwa iwapo matangazo ya mDNS, yaani ya kutafutana kwa majina ndani ya mtandao wa nyumba, hayapiti, nayo hayakupita kwa sababu hiyohiyo ya utengano. Tatu, ruta ile haikuweza kurudisha ndani pakiti iliyotumwa kwa anwani yake yenyewe ya nje. Njia tatu zilikuwa zimefungwa, na WebRTC ikafanya kile ilichoundiwa kufanya: ikatumia seva ya TURN, inayopitisha data kati ya wawili wasioweza kufikiana moja kwa moja, niliyokuwa nimeiweka kwa ajili ya dharura.

Matokeo yake, vijana wawili waliokaa kitanda kimoja walikuwa wanapeana kipande kwa kukipeleka hadi seva ya kukodi ng'ambo na kukirudisha. Kila kipande kilipita mlangoni mara mbili badala ya mara moja. Nilikuwa nimejenga mfumo wa kupunguza msongamano mlangoni, nao ukauongeza, na kwa kuwa programu ilihesabu vipande hivyo kama "vimetoka kwa mwenza", ubao wangu wa takwimu ulionyesha mafanikio ya asilimia 80. Anayenakili kazi hii aanze hapa: usihesabu kipande kimetoka kwa nani, hesabu kimepitia wapi.

Marekebisho yalikuwa mawili. Programu sasa husoma aina ya njia iliyochaguliwa na WebRTC, na ikiwa ni ya kupitia TURN huvunja muunganisho na kwenda moja kwa moja kwa seva. Video haipiti tena TURN kamwe. La pili lilihitaji maneno kuliko msimbo. Nilimwendea mzee mwenye hosteli, nikamwamkia na kumweleza kwamba tunaomba utengano uondolewe. Alinisikiliza hadi mwisho, akasema, "Mwanangu, niliuweka baada ya vijana kuingiliana kwenye kompyuta. Ukiuondoa, likitokea jambo nakuja kwako." Nilikubali, na tuliwaelekeza wanafunzi wafunge mafaili wanayoshiriki kwenye mtandao.

24 Agosti 2024: Wote kwa mara moja

Utengano ulipoondolewa, wenza waliunganika, lakini mlango ulibaki umejaa. Logi ilionyesha kwamba kila baada ya sekunde mbili, kipande kipya kilipotokea kwenye orodha, kompyuta zote zilikiomba kwa seva ndani ya nusu sekunde, kwa sababu hakuna mwenza aliyekuwa nacho bado. Watazamaji wote wakisimama kwenye ncha ya tangazo, hakuna mwenye akiba ya kumpa mwingine.

Hapo ndipo nilipoliiba wazo la mikondo. Mratibu, yaani programu ndogo inayojua nani yuko wapi, huchagua wenza watatu katika kila nyumba kuwa wachotaji. Mchotaji wa kwanza huchukua kwa seva vipande ambavyo namba zake zinagawanyika kwa tatu, wa pili vile vinavyobakiza moja, wa tatu vinavyobakiza mbili. Wengine hawaruhusiwi kwenda kwa seva hadi kipande kinapobakiwa na sekunde tatu kabla ya kuchezwa, na hata hapo kila mmoja huongeza subira ya kubahatisha ya hadi sekunde moja. Mchotaji akinyamaza kwa vipande viwili, nafasi yake hupewa mwingine.

Bei yake ni kuchelewa. Mtazamaji wa hosteli sasa yuko takriban sekunde 18 nyuma ya ukumbi. Kwa mdahalo hakuna anayejali. Ingekuwa mpira, jirani mwenye redio angeshangilia goli kabla yako, na ningelazimika kufikiri upya.

14 Septemba 2024: Bando

Tuliruhusu simu zijiunge kwa mara ya kwanza, ili wazazi walio mbali nao waone. Siku mbili baadaye mwanafunzi wa mwaka wa pili alikuja ofisini akanionyesha ujumbe wa mtandao wake wa simu. "Mwalimu, picha haikuganda hata kidogo," alisema, "lakini bando langu la wiki nzima limekwisha kwa mdahalo mmoja."

Hesabu yake ilikuwa sahihi. Mdahalo wa dakika 90 kwa megabiti 1.2 ni megabaiti 810 za kupakua, jambo ambalo alilitarajia. Programu yetu ilikuwa imempakiza nyingine zinazokaribia hizo kwa kuwapa wenzake, bila kumwuliza, na bando hukatwa kwa zinazotoka kama kwa zinazoingia. Nilimrudishia yeye na wengine watano fedha zao, jumla shilingi 40,000, na nikiri kwamba ni gharama iliyoniuma kuliko zote, si kwa ukubwa wake bali kwa kuwa niliijua tangu mwanzo na sikuiandika.

Siku hiyohiyo niligundua kosa la pili katika eneo hilohilo. Mratibu alikuwa anatambua "nyumba" kwa anwani ya nje ya intaneti: walio na anwani moja wako hosteli moja. Kwa ruta za hosteli ni kweli. Kwa simu si kweli hata kidogo, kwa sababu kampuni za simu huwaweka wateja wengi nyuma ya anwani moja, na mratibu wangu alikuwa amemfanya mzazi wa Mwanza na mzazi wa Mtwara kuwa wanakaya wa nyumba moja, akamteua mmoja wao kuwa mchotaji.

Sheria sasa ni kwamba kifaa hakipakii chochote hadi kithibitike kuwa ndani ya nyumba, na uthibitisho ni muunganisho wa anwani ya ndani kwa anwani ya ndani na mwenza mwingine, si anwani ya nje peke yake. Simu iliyo kwenye bando hupokea kutoka kwa seva na haidaiwi kitu. Simu nyingi za iPhone zenye mfumo wa zamani nazo hucheza HLS zenyewe bila kuipa programu yetu nafasi ya kuingilia, kwa hiyo tumeziacha zichukue kwa seva. Nimetumia muda mwingi zaidi kuandika nani asiombwe kuliko nilivyotumia kuandika nani atoe.

19 Oktoba 2024: Hewa haitoshi, na kompyuta niliyoikataa

Hosteli ya tatu ina vituo viwili tu vya Wi-Fi. Mlango ulipumua, ukitumia megabiti tano, lakini picha iliganda tena. Safari hii kilichojaa kilikuwa hewa. Kipande kinachotoka kompyuta moja kwenda nyingine kupitia kituo kimoja hupita hewani mara mbili, kupanda na kushuka, ilhali kinachotoka kwenye waya hupita mara moja. Watazamaji 48 waliohitaji takriban megabiti 58 walikuwa wanatumia hewa ya karibu 115, na wale wa vyumba vya pembeni, wenye mawimbi dhaifu, walikula muda mwingi zaidi kwa kila kipande.

Basi nilirudi kwa kompyuta niliyoikataa mwezi Juni. Tulinunua tatu zilizotumika, kwa shilingi 220,000 kila moja, tukaziunganisha kwa waya kwenye swichi ya kila hosteli. Tofauti na ile kompyuta ya kugawa ya kawaida, hii ni mwenza kama wengine: inatangaza ramani ya bafa, inaombwa, inaomba, na ikizimika wavu unaendelea. Mratibu huipa kipaumbele cha kuchota, na wenza huiomba kwanza kabla ya kuombana wao kwa wao.

Kwa kuwa programu yake si kivinjari, haifichi anwani yake ya ndani. Hilo liliondoa tatizo la mDNS kwa pigo moja, maana WebRTC inahitaji upande mmoja tu ujulikane; upande wa pili hutambuliwa pakiti yake inapowasili. Kama ningeanza nayo, siku nne za Agosti zisingepotea.

16 Novemba 2024: Siku ya mahafali

Watazamaji wa hosteli zote tatu walifika 139 kwa wakati mmoja, na simu za nje 64 zilichukua kwa seva. Katika hosteli ya kwanza, iliyokuwa na watu 52 ambao bila mfumo wangehitaji zaidi ya megabiti 62, mlango ulitumia kati ya 3 na 5.

Saa tano na dakika arobaini umeme ulikatika hosteli ya pili. Ruta na vituo vya Wi-Fi vina betri ya mwenye nyumba, kompyuta yetu haina. Kwenye ubao niliiona ikipotea, kisha mratibu akateua wachotaji watatu kutoka kwenye kompyuta za wanafunzi, na mlango ukapanda kutoka 4 hadi 9, ukashuka tena hadi 6. Watazamaji wawili waligandishiwa picha, kwa sekunde zisizozidi nne. Umeme ulirudi baada ya dakika 26 na kompyuta ikaingia yenyewe kwenye foleni, kwani tuliiamuru iwake mara umeme unaporejea. Mpangilio huo uko kwenye BIOS, programu ya msingi inayoiwasha kompyuta, na ni rahisi kuusahau.

Kosa la siku lilikuwa langu. Nilisahau kuongeza muda wa cheti cha HTTPS cha mratibu, kikaisha saa sita mchana. Waliokwisha kuunganika hawakuathirika, ila waliofika baada ya hapo hawakuwaona wenzao na wote wakaenda kwa seva, hadi nilipokirekebisha dakika 11 baadaye.

Gharama zote tangu Juni ni shilingi 882,000: kompyuta tatu 660,000, seva kwa miezi sita 108,000, nyaya na vichwa vyake 74,000, na fidia ya bando 40,000. Saa za kazi sikuzihesabu.

30 Novemba 2024: Kilichobaki

Mzee wa hosteli ya kwanza amenipigia simu: mwanafunzi mmoja amelalamika kwamba mtu amefungua mafaili yake. Nilikuwa nimeahidi, kwa hiyo leo nimeenda kuurudisha utengano wa vifaa. Kwenye vituo vile unazuia Wi-Fi kwa Wi-Fi tu, na kompyuta yetu ya waya inaonekana na wote kama kawaida. Nimejaribu na watazamaji 20 na picha ni safi. Lakini katika nyumba ile hakuna tena wavu, kuna kompyuta moja na wanaoitegemea, na ikizimika wote watakimbilia mlangoni. Nimeomba betri ya shilingi 150,000 kwa ajili yake. Ikipatikana kabla ya mdahalo wa Januari, nitaandika hapa imedumu dakika ngapi.